Tunda la Muratina na Suala la Chachu

Pombe ya muratina ya Wakikuyu mara nyingi hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa ni "pombe iliyotiwa matunda". Fasiri hiyo si ya uongo, lakini yapotosha, kwani msomaji hudhani kwamba tunda hutiwa kwa ajili ya ladha, kama ndimu itiwavyo katika chai.

Muratina ni jina la Kikuyu la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana, nao kwa Kiswahili ni mwegea au mvungunya. Tunda lake ni refu na zito, lenye ganda gumu, na huning'inia kwa kikonyo mfano wa kamba. Bichi haliliki, kwani lina sumu. Wala sukari ya pombe haitoki humo. Hutoka katika asali au maji ya miwa. Basi tunda lina kazi gani?

Jibu limo katika matayarisho yake. Tunda hupasuliwa, likaanikwa juani, likachemshwa, maji yakamwagwa, kisha likaanikwa tena. Baadaye hutiwa katika maji ya miwa kidogo, likawekwa mahali penye joto kwa muda wa siku moja hivi, halafu huanikwa kwa mara ya tatu. Ndipo linapoingizwa katika chombo kikubwa, na pombe huwa tayari baada ya siku 1 hadi 4. Kilichobaki cha tunda ni nyuzinyuzi kama za dodoki, na humo ndimo inamokaa chachu iliyo hai. Pombe ikiisha kuiva, tunda lilo hilo hutolewa, likakaushwa na kuwekwa akiba.

Hali ni nyingine kabisa katika mbege ya Wachaga wa Kilimanjaro. Huko ndizi mbivu hupikwa, zikaachwa zichache, ndipo zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ndizi ni chakula cha chachu. Muratina ni makao yake. Kitenzi "tia" huficha tofauti hii, ilhali Kiswahili hakikosi maneno: kuna chacha, chachu na chachusha, na pia hamira, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo sasa humkumbusha msikilizaji mikate zaidi kuliko pombe. Mtunzi wa kamusi angeweza kuandika "pombe ya asali au miwa iliyochachushwa kwa tunda kavu la mwegea". Neno "kavu" si la kupuuzwa hapo, kwani anayeifuata fasiri ya kwanza kwa tunda bichi aweza kudhurika.

Wakikuyu wenyewe wana neno njohi kwa pombe kwa jumla. Walipoipambanua hii, hawakuiita kwa asali yake bali kwa kile kiichachushacha. Kwa hiyo, mpika pombe akitumia hamira ya dukani na kuliacha tunda, alichopika ni njohi, lakini ni vigumu kukiita muratina.