Korona, mtafiti kijana na sauti za Kibembe

Tukizungumzia athari za Korona kwa sayansi, wengi wetu hufikiria maabara zilizofungwa. Kwa mwanaisimu kijana anayechunguza Kibembe, lugha ya wenyeji wa Fizi na Baraka, maabara ni baraza la mzee kijijini, nalo pia lilifungwa.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku chache baadaye shule na vyuo vikuu vilifungwa, na tarehe 24 Machi Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Masomo yalianza tena Agosti, yakasimamishwa Desemba, yakarudi Februari 2021.

Kwa profesa ambaye data zake zilikuwa tayari, huo ulikuwa muda wa kuandika. Kwa msaidizi aliyekuwa bado hajaenda uwandani, hapakuwa na cha kuandika. Wazungumzaji anaowahitaji zaidi ni wazee, na wazee ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kuwafuata kungeweza kuwapelekea ugonjwa. Kuahirisha nako kuna hasara, kwa sababu maandishi ya Kibembe ni machache, na mzee akifariki hadithi zake huondoka naye.

Je, simu haikutosha? Simu ya kawaida hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sauti kama f na s hutofautiana zaidi juu ya kiwango hicho, kwa hiyo huchanganyika sikioni. Barakoa nayo huficha midomo ambayo mtafiti hutaka kuitazama.

Kisha kuna nyumbani. Uchunguzi wa watafiti 4,535 wa Marekani na Ulaya, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Human Behaviour, ulionyesha kwamba wanawake, na hasa wenye watoto wadogo, walipoteza muda mwingi zaidi wa utafiti. Kwetu kuna mzigo mwingine: msaidizi hutegemea pia posho itokanayo na ada za wanafunzi. Chuo kikifungwa, posho hukatika, na saa za utafiti huwa saa za kutafuta chakula cha watoto.

Tusisubiri janga lingine. Tuwafundishe vijana wa Fizi na Baraka kurekodi wazee wao, na vinasa sauti vibaki kwao. Njia ikifungwa tena, kazi itaendelea mikononi mwa wenye lugha.