Duka la Dawa Lililookolewa: Sisi wa Chara Tunajifunza Nini?



Nyumba ya kikundi ikianza kuchakaa, wengi husema, "Aah, tubomoe tu, tujenge nyingine." Kabla hatujabomoa, tutazame jengo moja la dawa kule Unguja.

Karibu na bandari ya Unguja kuna nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao zilizochongwa. Watu huiita Zahanati ya Zamani. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akitaka iwe hospitali. Alifariki 1891 kazi haijaisha. Mjane wake akaendelea, ikamalizika 1894. Mwaka 1900 ikanunuliwa kwa mali ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini kukawa na zahanati ya kutoa dawa, juu wakakaa wapangaji.

Baada ya mapinduzi ya 1964 wenyewe waliondoka, na matunzo yakakosekana. Jengo likaoza. Mwaka 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan lilianza kulishughulikia, na kazi ikaisha 1996. Mafundi wa hapo hapo walifunzwa upya kazi ya chokaa na mbao. Jengo likawa kituo cha utamaduni.

Basi, tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, adui ni maji. Paa likivuja, boriti huoza na ukuta hufuata. Kuziba tundu leo ni kazi ya asubuhi moja. Ukingoja miaka, utajenga upya.

Pili, tengeneza kwa vitu vinavyopatana na nyumba. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hupumua. Ukiupaka simenti, unyevu hufungiwa ndani.

Tatu, nyumba isiyo na mwenyewe haina wa kuitunza. Andikeni nyumba ni ya nani, ufunguo anao nani, na pesa za matengenezo ziko wapi.

Hapa kwetu kwenye delta tunayajua mafuriko. Ya El Niño ya 1997 na 1998 hatujayasahau. Kikundi chenye sanduku la dawa kiliweke juu, pakavu, mbali na jua. Daftari pia liwe juu. Dawa iliyopita tarehe isitumike wala kuuzwa.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Nyumba yetu inavuja wapi?
2. Nani ataitazama kabla ya mvua?
3. Sisi tukiondoka, nani atajua ilivyoanza?

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na paa.