Fahamu: Vimeng'enya vilivyofungwa na ukataji wa protini za maziwa

Maziwa ya ng'ombe yana takribani asilimia 3.3 ya protini, na sehemu 4 kati ya 5 za kiasi hicho ni kasini, ilhali zinazobaki ni protini za maji ya jibini, ikiwamo beta-laktoglobulini, ambayo haimo katika maziwa ya mama na ni miongoni mwa visababishi vya mzio kwa watoto wachanga. Ili kupunguza hatari hiyo, viwanda huzikata protini kuwa peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, kwa vimeng'enya kama tripsini.

Kimeng'enya kilichomiminwa katika maziwa hakirudishwi, na utendaji wake husimamishwa kwa joto. Kinapofungwa, yaani kinapogandishwa kwenye chembe ngumu, kwa mfano za kitosani itokanayo na magamba ya kamba, majimaji hupita juu yake, protini zikakatwa, nacho kikabaki tayari kutumika tena. Japani ilianza kutumia mbinu hii kiwandani mwaka 1969, katika kutengeneza asidi amino.

Kwa maziwa kazi ni ngumu zaidi, na jambo hili halipaswi kufichwa: kasini hukaa katika mafungu makubwa yasiyopenya vitundu vya chembe, protini huziba njia, na bakteria hustawi katika uvuguvugu unaohitajika, ndiyo maana vimeng'enya huru bado vinatawala. Isitoshe, peptidi nyingi ni chungu, na vipande virefu vinavyosalia vinaweza kuamsha mzio, hivyo mtoto mwenye mzio huhitaji maziwa ambayo protini zake zimekatwa kwa kina, si nusunusu.