Mzio Unapoingilia Kwenye Ngozi

Miaka ya 2000 nchini Japani, wanawake wengi waliipenda sabuni moja ya kuoshea uso iliyotiwa protini ya ngano. Baadhi yao wakaanza kuwashwa na kuvimba kope. Kisha likatokea la ajabu zaidi: watu waliokula mkate na tambi tangu utotoni bila shida yoyote wakawa wakila ngano wanatokwa na vipele, hasa wakifanya kazi au mazoezi baada ya mlo. Wengine walibanwa pumzi. Sabuni hiyo ilipoondolewa sokoni mwaka 2011 na uchunguzi ukaendelea, waliothibitika kuathirika walizidi 2,000.

Ngano waliyoila miaka yote haikuwadhuru. Iliwadhuru ile iliyopitia usoni.

Maelezo yake yako ndani ya ngozi yenyewe. Mwaka 1868 mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alitia ngozi ya binadamu rangi ya kloridi ya dhahabu, akaona kwa hadubini seli nyeusi zenye matawi kama mikono ya pweza. Alidhani ni za mishipa ya fahamu. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo ikajulikana kuwa ni seli za kinga.

Seli za Langerhans hunasa vitu vigeni vinavyopenya ngozi, huvibeba hadi kwenye mitoki na kuvionyesha kwa seli nyingine za kinga, ziitwazo T. Ngozi ikiwa nzima, mara nyingi hakuna rabsha. Ikichubuka, seli za tabaka la juu hutoa kemikali za tahadhari, mojawapo ikiitwa TSLP, na ujumbe unaofika kwenye mitoki hugeuka kuwa wa mzio. Mwili hutengeneza kingamwili za IgE dhidi ya kitu hicho, hata kama ni chakula. Siku kikiliwa, histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, humwagika.

Hapo ndipo ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, unapokuwa mlango wa mzio. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskochi, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wana hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha ngozi. Ngozi yao hukauka na kupasuka; mtoto hujikuna usiku kucha, na nyufa huongezeka.

Nchini Uingereza, Gideon Lack na wenzake waliona mwaka 2003 kwamba mzio wa karanga ulihusiana na krimu zenye mafuta ya karanga walizopakwa watoto wachanga. Mwaka 2015 wakatoa matokeo ya utafiti wa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili za mzio wa karanga mwanzoni, waliolishwa karanga mapema walipata mzio asilimia 1.9 tu wakifika miaka mitano. Walionyimwa, asilimia 13.7.

Mzazi mwenye mtoto wa ukurutu, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu anapotoka kuoga. Usimpake mafuta ya karanga penye nyufa. Usimnyime vyakula kwa hofu, wala usimwonjeshe karanga ikiwa ukurutu wake ni mkali kabla daktari hajampima.