Mfuniko wa Buti na Mhimili Wake

Neno buti, kwa maana ya sehemu ya mizigo nyuma ya gari, limekwisha kukubalika. Tatizo limo katika vyuma viwili vinavyozuia mfuniko wake usianguke. Mafundi wengi huviita shokapu. Jina hilo linapotosha: shokapu ya gurudumu hutuliza mtikisiko, bali chombo hiki husukuma, kwa nguvu ya gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Gesi ikipata baridi, msukumo wake hupungua. Ndiyo maana huko Mbulu, au Katesh chini ya Mlima Hanang, mfuniko uliosimama vema mchana waweza kumwangukia mpakiaji alfajiri, hasa chombo kikiwa kimechakaa.

Mfasiri akiandika shokapu, fundi aweza kudhani yamo mafuta tu, akakikata au kukitia motoni. Nacho hupasuka kwa kishindo na kujeruhi.

Kwa hiyo twapendekeza mhimili wa gesi (wingi: mihimili ya gesi). Mhimili ni kitu kinachotegemeza kingine. Neno gesi latoa onyo. Ufito mtupu unaotegemeza boneti, kwa kuwa hauna gesi, uitwe mhimili tu.