Je, Wajua? Mwanamke na Farasi wa Mbio
Miaka ya 1950, chini ya Mlima Kenya, mkufunzi Beryl Markham aliandaa farasi walioshinda mbio kubwa za nchi, kazi aliyoianza tangu ujana. Anayedai kupanda farasi ni kazi ya misuli amtazame Lis Hartel wa Denmark: polio ilimpoozesha miguu chini ya magoti, lakini mwaka 1952, huko Helsinki, alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki akishindana na wanaume. Kweli, Markham alikuwa mlowezi. Hapo ndipo penye hoja: tofauti ilikuwa mali, si nguvu. Wanawake wa Murang'a na Nyeri, wabeba kuni na maji milimani, hawakupungukiwa nguvu. Walikosa malisho na pesa za kumtunza farasi. Waume zao, pamoja na misuli yao, nao hawakuwa na farasi.