Bukavu: Jenereta ya nyumbani inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo

Umeme ukikatika jioni mjini Bukavu, haichukui muda jenereta kuanza kunguruma katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Kwa familia nyingi, mashine hiyo ndogo, ambayo wakaaji wengi wanaiita « grupe », ndiyo inayookoa nyama ndani ya friji na kuwapa watoto mwanga wa kusomea. Lakini ikiunganishwa vibaya na nyaya za nyumba, inaweza kumuua mtu ambaye hata haishi humo.

Mji unategemea hasa umeme wa mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, cha mwaka 1989, ambacho Congo inagawana na Rwanda na Burundi kupitia shirika la SINELAC. Umeme huo hautoshi. Ndiyo maana delestaje imekuwa sehemu ya maisha, na grupe pia.

Waya wenye fishi pande mbili

Njia ya mkato inajulikana. Mwenye nyumba anachukua waya na kuufunga fishi kila upande. Moja inaingia kwenye jenereta, nyingine kwenye prizi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka.

Hatari ya kwanza iko mkononi: akichomoa fishi moja wakati mashine inanguruma, vyuma vyake vinabaki wazi vikiwa na volti 220.

Hatari ya pili haionekani. Kama disjonkta kubwa ya nyumba haikushushwa, umeme unarudi nyuma, unapita kwenye mita, unapanda nguzo na kufika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Kwa kawaida inashusha maelfu ya volti kuwa 220. Ikipata umeme kutoka upande wa nyumba, inapandisha 220 kuwa maelfu.

Mara nyingi jenereta ndogo huzimika yenyewe, kwa kuwa mzigo wa mtaa mzima unaishinda. Lakini waya wa nje ukiwa umekatika karibu na nyumba, mzigo ni mdogo na mashine inaendelea. Na ni mahali hapo hapo fundi wa SNEL anapokuja kutengeneza, akiamini laini haina umeme.

Hatari ya tatu inamrudia mwenyewe. Umeme wa SNEL ukirudi ghafla na kukutana na wa jenereta, mashine inaweza kuungua na nyaya kushika moto.

Kushusha disjonkta hakutoshi

Wengi hujitetea kwamba wao hushusha disjonkta kwanza. Tatizo ni kwamba usalama huo unategemea kumbukumbu ya mtu mmoja, gizani, akiwa na haraka. Siku akisafiri, anayewasha ni mtoto au mgeni. Tena, katika viwanja ambako jirani amevuta waya kutoka nyumba ya mwenzake, grupe moja inaweza kupeleka umeme katika nyumba ya pili bila wenyewe kujua.

Dawa yake ni kifaa ambacho mafundi wanakiita inverseri: swichi kubwa yenye nafasi tatu, SNEL, sifuri na jenereta. Inafungwa kati ya mita na sanduku la disjonkta, na kwa umbo lake haiwezi kuunganisha pande mbili kwa wakati mmoja. Inapaswa kukata fezi na nyutro pamoja, na kuhimili ampea za disjonkta kubwa. Ni kazi ya fundi wa umeme, ambaye pia atahakikisha kuna waya wa ardhi.

Wakati wa kutumia, vyombo vinazimwa kwanza. Jenereta inawashwa na kuachwa itulie, kisha swichi inageuzwa, na vyombo vinawashwa kimoja kimoja. Mashine ya kVA 2,5 hutoa takriban wati 2.000, pasi na rejo vikiwashwa pamoja vinaweza kuimaliza. Friji nayo, inapoanza tu, inavuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imetulia.

Asiye na uwezo wa kununua inverseri ana njia nyingine salama: kutogusa kabisa nyaya za nyumba. Ralonji nzuri, yenye nyaya za milimita mraba 2,5, inatoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji na taa. Isiachwe imeviringishwa, kwa sababu inapata joto.

Moshi unaua bila harufu

Kwa kuogopa wezi, baadhi ya familia huweka jenereta kwenye korido au jikoni. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hupoteza fahamu bila kuamka.

Mashine ikae nje, angalau mita sita kutoka mlango au dirisha lolote, la jirani likiwemo. Inaweza kufungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, chini ya kibanda kisicho na kuta. Katika viwanja vilivyobanana vya Kadutu, nafasi hiyo mara nyingi haipo. Hapo, taa ya betri au ya jua ni bora kuliko grupe.

Na kama watu wa nyumba moja wanaanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja wakati jenereta inafanya kazi, wasitafute dawa ya malaria kwanza. Watoke nje wote, ndipo mashine izimwe, na wapelekwe hospitali.